Mzee Aliyeninyang'anya Msomaji

Msahihishaji wetu hakuiamini kompyuta. Angekuwa mzee tu asiyejua mambo ya kisasa, ningemhurumia na kuendelea na shughuli zangu. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Kwa miaka tisa nilikaa hatua nne kutoka meza yake, orofa ya tatu ya jengo moja la River Road ambalo lifti yake ilikufa kabla sijaajiriwa, na katika miaka hiyo yote sikumshinda hata mara moja. Nasema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Nilimwonea kijicho, na bado namwonea.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza vitabu vya karatasi viwe vya kielektroniki. Nilikuwa na skrini pana iliyonijaa machoni, na programu ya kusomea vitabu ambamo ukurasa ulifunguka mweupe pepepe, herufi zimenyooka, kingo zake laini. Kazi yake yeye ilikuwa kusoma nilichofanya na kutafuta makosa. Lakini hakukubali kusomea kwangu. Alikuwa na kisomeo, kile kifaa chembamba cha kusomea vitabu, cha kushikwa kwa mkono mmoja, chenye skrini ya kijivu isiyotoa mwanga wake yenyewe. Kona moja ilikuwa imepasuka akaiziba kwa plasta ya kidonda. Nikimpa faili, aliitia humo, akavuta sweta lake la kahawia, akatoka hadi kwenye kibaraza kinachotazama barabara, akalipa jua mgongo, akasoma akiwa wima. Huko chini wenye mikokoteni wanatukanana na wenye magari, yeye huku juu anasogeza midomo.

Akirudi, neno lilikuwa moja.

"Hapana."

"Hapana nini, Mzee?"

"Haisomeki."

"Mbona kwangu inasomeka?"

"Kwako inaonekana. Sikusema haionekani."

Basi ameshaketi, ameshafungua chupa yake ya chai, na mimi nimebaki nimekodoa macho kwenye ukurasa ambao, haki ya Mungu, sikuona una ila gani.

Alikuwa na msemo wake wa kunimaliza. "Kompyuta inakupikia chakula cha wageni," alisema. "Kisomeo kinakupa cha kila siku. Mimi nataka kujua watu wanakula nini Jumanne." Alimaanisha kwamba ile programu yangu huzipamba herufi. Skrini ya kompyuta ina mwanga nyuma yake, na programu huongeza kivuli kidogo pembeni mwa kila mstari wa herufi, hata mstari mwembamba kabisa ukatokea umejaa. Ukiipeleka fonti hiyohiyo kwenye kisomeo, hakuna mwanga wa kuibeba, na ule wembamba unageuka majivu. Mimi niliyasomea haya chuoni, nikafanyia mtihani, nikapasi. Yeye aliyajua kwa kusimama barazani. Sasa niambie, mtu asikasirike?

Na wala hakuwa mtu wa teknolojia. Simu yake ilikuwa mulika mwizi yenye vitufe vilivyofutika namba. Barua pepe alisomewa. Lakini mpe kisomeo cha aina yoyote, atakigeuza mara mbili na kukwambia, hiki kinanenepesha herufi, hiki kinabana mistari, hiki kikiwekewa herufi kubwa kinakata maneno vibaya. Alivizungumzia kama mfugaji anavyozungumzia ng'ombe wake, huyu ana hasira, huyu hukubali kukamuliwa na mtu mmoja tu.

Alikuwa mkali kwa herufi kuliko kwa watu. Tulipokwenda kumzika mlinzi wetu wa zamani, nilimwona katikati ya wasifu wa marehemu ametoa kalamu mfukoni anasahihisha ile karatasi ya ratiba ya mazishi, taratibu, huku machozi yanamtiririka. Alilia na kusahihisha kwa wakati mmoja. Nilitaka kucheka, kisha nikaona mjane anamtazama, na uso wake umetulia, kana kwamba kuna mtu hatimaye anayeichukulia siku hiyo kwa uzito. Hata hapo nilimwonea wivu.

Lakini mtu huyohuyo asiyevumilia nukta iliyokaa vibaya alikuwa mwizi mkubwa wa drafti. Saa ya chakula alishuka chini kucheza na askari wa mlangoni kwa vifuniko vya soda, na alisogeza vifuniko viwili kwa mpigo mmoja bila haya.

"Wee Mzee, hiyo umeruka na wapi?" askari alimuuliza.

"Si uliangalia kando? Usilale kwa game, kijana wangu. Hapa ni tao."

Sheng ya River Road aliimudu, na Kiswahili cha vitabuni alikimudu, na hakuchanganya hivyo viwili hata siku moja. Kwangu mimi alitumia cha vitabuni.

Sifa hakutoa. Kikubwa kabisa ambacho ungepata kwake ni "Haina neno." Mwenzangu wa majalada aliambiwa "haina neno" mara mbili, na nakumbuka siku zote mbili kuliko anavyozikumbuka mwenyewe. Mimi nilisubiri yangu miaka tisa. Nilikuwa nabaki ofisini saa ya chakula nikiboresha kurasa, nikijiambia leo lazima. Akishuka kwenye drafti yake namwekea kisomeo mezani, faili tayari imo. Akipanda anakichukua, anaenda barazani, anarudi. Hapana.

Nieleze sasa aibu yangu ya kwanza. Tulikuwa tunatoa kitabu cha hadithi za watoto kwa Kikuyu, na Kikuyu, kama kile Kikamba alichozaliwa nacho Mzee, kina zile ĩ na ũ zenye kiwimbi juu. Nilichagua fonti mpya, nzuri, ya kitoto. Kwenye kompyuta nilipitia kurasa zote, kila kitu kimesimama mahali pake. Kwa sababu kitabu kilikuwa kinangojewa, nilimpelekea Madam, mkurugenzi wetu, moja kwa moja, bila kukipitisha kwa Mzee. Kiburi tu. Kumbe ile fonti haikuwa na herufi zenye viwimbi hata moja. Kompyuta ilipozikosa, ikaenda kimyakimya kuazima kwenye fonti nyingine zilizomo ndani yake, kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani, na mimi sikuhisi. Kisomeo hakina jirani. Madam alimpa Mzee faili hata hivyo, na alipokifungua kitabu barazani, kila penye ĩ na ũ palikuwa na kisanduku kitupu. Ukurasa mzima umejaa visanduku kama dirisha la kuku.

Hakunisema. Alienda kwa Madam na kisomeo mkononi, akamwonyesha, akarudi kunywa chai. Madam ndiye aliyetoka akasimama katikati ya ofisi.

"From leo, hakuna file inatoka hapa kabla Mzee aione. Hata ikuwe ni page moja. Tumeelewana?"

Watu wote walitazama meza zao. Yeye peke yake aliniangalia, akanisogezea kikombe cha chai yake. Sikukigusa. Ilikuwa chai yenye tangawizi nyingi, naikumbuka harufu yake hadi leo, na nilikuwa na kiu.

Hayo ya ofisini ningeyasamehe. Ofisi ni ofisi. Yale ambayo sijayasamehe yanamhusu mama yangu.

Mama anaishi Waithaka, kwenye kiwanja chetu cha tangu utotoni, nyumba ya mbele. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na maisha yake yote alikuwa mtu wa kitabu. Kisha presha ya macho ikamwingia, na kwa miaka miwili hakusoma kitu zaidi ya vichwa vya habari. Aliacha kulizungumzia. Siku moja akitoka kliniki mjini alipanda ngazi zetu zote ili apumzike kwangu. Mimi nilikuwa kwenye mkutano. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye kiti cha Msahihishaji, kiti ambacho hatukuthubutu hata kukiwekea koti. Msahihishaji mwenyewe yuko juu ya katoni la vitabu, magoti yamemfika kidevuni. Mama ameshika kile kisomeo chenye plasta na anasoma kwa sauti, sauti ya darasani kabisa, ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

"Maitũ," aliniambia. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Maitũ, hii naona."

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, ndiyo, lakini juu ya furaha ile kulikuwa na kitu kinachowaka. Mimi ndiye ninayetengeneza vitabu hivi. Miaka mingapi navitengeneza, na sikuwahi kumwekea mama yangu hata kimoja mkononi. Niliona ni vitu vya vijana wa maofisini. Mzee huyu alimwona dakika ishirini akajua.

Wiki iliyofuata nilimnunulia mama kisomeo chake, kipya, kizuri kuliko kile cha ofisini. Alikipokea kwa mikono miwili. Na tangu siku hiyo hakukiita kisomeo changu. Alikiita "hii kidude ya yule mzee yenu." Kila Jumapili nikifika, sijavua viatu, swali ni lilelile. "Mzee yenu hajambo? Mwambie nimemaliza ile kitabu." Nilikuwa simwambii. Nilikuwa nasema nimemwambia.

Baba aliacha madaftari matatu. Aliandika kwa kalamu ya risasi habari za Waithaka ilipokuwa mashamba, ng'ombe aliowanunua na kuwapoteza, majirani, ugomvi wa mipaka, siku mama alipokubali posa na siku alipokuwa bado hajakubali. Mama hakuwahi kuyasoma. Baba alipokuwa hai aliyaficha, na alipofariki macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba dawa inachelewesha tu. Kwa hiyo nilijua, na mama alijua, kwamba kama atayasoma maneno ya mumewe, ni sasa.

Niliyaandika upya yote, mwaka mzima, Jumamosi kwa Jumamosi. Nilitafuta fonti kama mtu anayetafuta gauni la arusi. Nikapata moja nyembamba, ya kifahari, inayofanana kidogo na mwandiko wa baba, na viwimbi vyake vyote vimo, hilo nililihakikisha. Kwenye skrini yangu kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Msahihishaji sikumwonyesha. Hiki hakikuwa cha ofisi. Hiki kilikuwa cha kwetu, na nilitaka kwa mara moja tu mama asome kitu ambacho mzee yule hakukigusa.

Mama alisema ni kizuri sana. Lakini kisomeo huonyesha chini umefika wapi, na kila Jumapili nilikuta ni ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne, ukurasa wa nne, ukurasa wa nne. Nilijiambia anasoma polepole ili kisiishe.

Halafu Jumapili moja nikamkuta anacheka peke yake.

"Maitũ, asante kwa kuibadilisha. Sasa inasomeka. Nimefika pale babako anadanganywa na ule mtu wa ng'ombe."

Mimi sikuwa nimebadilisha kitu. Nilisimama na mfuko wa maziwa mkononi, na mama ananitazama, anangoja.

"Karibu, Mama," nilisema.

Alipoingia jikoni nilikifungua. Herufi zilikuwa nyingine, nene, nyeusi, zimeachana vizuri. Mistari haikuvutwa hadi ukingo wa kulia, imeachwa iishie inapoishia, jambo ambalo nilimjua mtu mmoja tu katika Nairobi nzima aliyelishikilia. Nikakumbuka kwamba wiki ile mama alikuwa na kliniki, na mimi siku hiyo nilikuwa Kangemi kwa mwandishi wetu mmoja. Basi alipanda ngazi, akampelekea yeye. Maneno ya baba yangu yalisomwa barazani River Road kabla mama yangu hajayasoma.

Sikumuuliza. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu, siku zote hizo, na sikumuuliza, naye hakusema. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake. Alipostaafu mwezi uliofuata tulimnunulia keki, Madam akalia, askari wa drafti akatoa hotuba ndefu kuliko wote. Kwenye kadi yake niliandika "Kila la heri" na sahihi yangu. Wengine walijaza pande zote mbili.

Ilipita miezi minane. Juzi Jumamosi mama alinipigia simu asubuhi. Herufi zimeanza tena kumponyoka, na alikuwa amebakiza daftari la tatu, lile la mwisho. "Nifanyie tena kama ile," aliniambia. "Wewe unajua."

Sikujua. Nilikaa na kompyuta siku nzima, nikanenepesha, nikakuza, nikapelekea kwenye kisomeo cha majaribio, na kila mara kwangu inaonekana safi na mkononi ni tope. Kesho yake, badala ya kwenda Waithaka moja kwa moja, nilishukia Woodley. Anaishi huko kwenye zile nyumba za zamani za kaunti, na nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, sweta ni lilelile. Amekonda. Mkono wake wa kulia unatetemeka, kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima na yote yakanitoka.

"Mama anataka herufi zingine," nilimwambia. "Kama zile ulizomwekea."

Hakujifanya hajui. "Mimi siwezi tena kubonyeza vitufe," alisema. "Lakini si kazi ngumu. Anasomea wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Saa ngapi? Mwanga unatoka upande gani?"

Alinisubiri kama alivyozoea kunisubiri nitafute kosa mwenyewe. Ndipo hasira ikanirudia, nikamuuliza kwa nini alifanya vile, kwa nini alimruhusu mama aamini kwamba ni mimi.

Akaniangalia kwa mshangao. "Aamini? Mama yako alinikuta mimi, nikakaa naye saa mbili nikibadilisha, anasoma, nabadilisha tena. Nilimwambia akueleze. Akasema hapana, utaona umeaibishwa. Akasema atakushukuru wewe, na wewe kwa vile ni mkweli utamwambia si kazi yako, halafu mtacheka." Aliweka kikombe chini, kikagonga sahani mara kadhaa. "Kwani ulimwambiaje?"

Uani kwake kulikuwa na jogoo anayeparua karibu na mfereji.

"Nilimwambia karibu."

Msahihishaji hakusema hapana. Afadhali angesema. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena, akaniambia nisichelewe, mwanga mzuri wa kusomea huisha mapema siku za mawingu. Kile kisomeo cha majaribio nilichokuja nacho hakukigusa. Nilikirudisha kwenye mkoba nikaondoka kwa kupitia Dagoretti Corner, na nilifika Waithaka kabla ya saa tisa.

Mama alikuwa barazani. Sikuvua viatu.

"Mama, ile ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee. Nilikudanganya."

"Najua," alisema. Hakukasirika wala hakunituliza. "Umeleta kompyuta?"

"Nimeleta kisomeo peke yake. Nataka usome, nibadilishe, usome tena."

"Sawa." Akanyoosha mkono kukipokea, nami nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, upande wangu wa siku zote, upande wa kulia, nilikokaa kila Jumapili nikimweleza habari za wiki na kumwonyesha picha za wajukuu kwenye simu.

"Hapana, maitũ, kaa huku kushoto," alisema mama. "Hili jicho la kulia liliisha mwaka jana."

Nilishika mkono wake nikamuuliza ni nani mwingine anayejua.

"Daktari," alisema. "Na yule mzee yenu. Aliniuliza."

Nilisimama nikahamisha kigoda.